Fungua Kimoja, Ungoje: Namna ya Kulegeza Marufuku Wakati wa Janga la Ugonjwa

Kufunga nchi ni kazi ya siku moja. Rais anahutubia alasiri, na jua likizama barabara ni tupu. Kufungua ndiko kwenye kazi, na kamati nyingi za dharura huifikia siku hiyo zikiwa na hamu kubwa kuliko mpango.

Chukua mfano wa Kenya mwishoni mwa mwaka 2020. Tarehe 28 Septemba, kwa hotuba moja, kafyu ilisogezwa hadi saa tano usiku, baa zikaruhusiwa kufunguliwa, watu kwenye harusi na mazishi wakaongezwa hadi 200, na nyumba za ibada zikapewa nafasi zaidi. Tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi madarasani. Wanasiasa nao walikuwa barabarani na mikutano yao ya hadhara. Tarehe 4 Novemba Rais Uhuru Kenyatta akawaeleza wananchi kwamba sampuli zinazopatikana na virusi vya korona zimepanda kutoka 4% mwezi Septemba hadi wastani wa 16% mwezi Oktoba. Mikutano ya siasa ikapigwa marufuku kwa siku 60.

Ni nini kilichopandisha namba? Baa? Shule? Mazishi? Majukwaa ya siasa? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa kuwa milango yote ilikuwa imefunguliwa kwa mpigo. Waziri wa elimu angeweza kulaumu baa, mwenye baa angelaumu wanasiasa, na wote wawili wangeweza kuwa sawa.

Ushauri wangu wote umejengwa juu ya kosa hilo: fungua kitu kimoja, ngoja hadi matokeo yake yaonekane, ndipo ufungue kingine. Nawalenga zaidi walio kwenye kamati za kaunti, wilaya, kata, soko, shule, kanisa na msikiti. Juu hutoka hotuba. Ugonjwa hupambanwa nao chini.

Jua namba ya leo ni ya lini

Aliyeambukizwa korona mwaka 2020 alianza kuona dalili baada ya siku kama tano, na wengine walichelewa hadi siku 14. Akianza kukohoa hakimbilii hospitali. Anakunywa tangawizi siku mbili tatu kwanza. Akipimwa, sampuli yake inasafiri hadi maabara na kungoja zamu. Kwa hiyo namba inayotangazwa leo inasimulia mambo ya wiki moja au mbili zilizopita. Idadi ya waliolazwa huchelewa zaidi ya hapo, na ya vifo huja wiki tatu au nne baada ya maambukizi. Ukifungua soko Jumatatu, kisha Ijumaa ukatazama takwimu na kusema hali ni shwari, umetazama wiki ambayo soko lilikuwa bado limefungwa.

Mpishi anayetia chumvi kwenye mchuzi hutia kidogo, akakoroga, akaacha ichemke, ndipo akaonja. Akitia mara tatu kabla ya kuonja, hajui ni mkono upi ulioharibu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Aprili 2020, lilipendekeza nchi zingoje walau wiki mbili kati ya hatua moja na nyingine. Kwa maoni yangu hizo wiki mbili zinafaa pale tu ambapo maabara hutoa majibu ndani ya siku moja au mbili. Kama sampuli za kaunti yako hupelekwa mji mwingine na majibu hurudi baada ya siku tano, ngoja wiki tatu. Kenya yenyewe, ilipoondoa marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera mnamo 7 Julai 2020, ilijipa siku 21 za kutazama mwenendo, na muda huo ulikuwa wa busara.

Kungoja kunachosha, kwa hiyo wajumbe wa kamati wapewe hesabu hii. Tuseme mna wagonjwa wapya 20 kwa siku, na kutoka mgonjwa mmoja kuambukizwa hadi anapomwambukiza mwingine ni siku tano. Kila wagonjwa 10 wakiambukiza watu tisa, baada ya mwezi mtakuwa na wagonjwa wapya kama 11 kwa siku. Kila wagonjwa 10 wakiambukiza 13, mtakuwa na karibu 97. Tofauti ya watu wanne kwa kila kumi huwezi kuiona kwa macho sokoni wala kwenye kituo cha matatu. Utaiona kwenye takwimu tu, tena baadaye.

Hesabu watu wako kabla ya kufungua

Shirika la Afya Duniani liliweka masharti sita kabla ya nchi kulegeza: maambukizi yadhibitiwe, mfumo wa afya uweze kumtambua, kumpima, kumtenga na kumtibu kila mgonjwa na kuwafuatilia waliotangamana naye, hatari ipunguzwe mahali kama hospitali na makao ya wazee, sehemu za kazi na shule ziwe na kinga, wagonjwa wanaoingia kutoka nje wadhibitiwe, na wananchi waelewe na kushirikishwa. Yote ni ya maana, lakini sharti la pili ndilo linaloshinda kamati nyingi, na ndilo linalopitishwa kwa maneno matupu kwenye vikao. “Uwezo tunao,” anasema mwenyekiti, na kikao kinasonga mbele.

Mwulize uwezo wa watu wangapi. Wagonjwa wapya 20 kwa siku, kila mmoja akitaja watu 10 aliotangamana nao, ni watu 200 wapya kila siku. Kila mmoja anafuatiliwa siku 14. Ina maana kwamba wakati wowote mna watu 2,800 wa kupigiwa simu au kutembelewa kila siku. Mfuatiliaji mmoja akiwafikia 40 kwa siku, mnahitaji wafuatiliaji 70, wasiougua wala kupumzika Jumapili. Mna 15? Basi uwezo wenu ni wagonjwa kama wanne kwa siku, na mkifungua mkiwa na 20 mnafungua gizani. Wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini wanaijua kila nyumba na wangeifanya kazi hii vizuri kuliko karani wa ofisini, ila wapewe nauli, muda wa maongezi wa simu na barakoa. Kuwaomba watumie vocha zao wenyewe ni kuipangia kazi ife.

Kipimo kilichotumika sana ni asilimia ya sampuli zinazopatikana na virusi. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza asilimia hiyo iwe chini ya 5 kwa muda wa angalau wiki mbili. Ni kipimo kizuri, lakini kinadanganyika kirahisi. Ukipima wafanyakazi wa hoteli 1,000 wasio na dalili ili wapate vyeti, asilimia inashuka. Wiki inayofuata ukipima walio taabani wodini pekee, inapanda, na ugonjwa mtaani haujabadilika hata kidogo. Kwa hiyo ulizia kila mara: wiki hii tumepima akina nani? Tenganisha waliopimwa kwa sababu ya dalili na waliopimwa kwa ajili ya safari au kazi.

Kumbuka pia kwamba waliothibitishwa si wote waliougua. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust walipima damu iliyochangwa Kenya kati ya Aprili na Juni 2020, wakakuta dalili za maambukizi ya zamani kwa takriban mtu mmoja kati ya 20. Mwishoni mwa Juni idadi rasmi ya wagonjwa nchi nzima ilikuwa kama 6,000. Damu ya wachangiaji iko tayari benki ya damu. Kuipima ni njia ya bei nafuu ya kujua mlikofikia. Rwanda nayo ilipunguza gharama kwa kuchanganya sampuli za watu wengi na kuzipima pamoja, kisha kurudia mmoja mmoja pale mchanganyiko ulipoonyesha virusi. Njia hiyo hufaa sana wagonjwa wakiwa wachache, na huo ndio wakati wa kufungua.

Jambo moja zaidi, nalo linaharibu hesabu zote: usimtoze mtu fedha kwa kutengwa. Mwanzoni mwa janga waliowekwa karantini Kenya walidaiwa gharama za kukaa humo, na habari zikaenea mitaani kwamba ukipimwa utafungiwa na bili utaletewa. Kibarua akisikia hivyo hapimwi. Anayetengwa apewe chakula, na familia yake iangaliwe, la sivyo atamtaja mtu mmoja aliyetangamana naye badala ya kumi.

Kipi kitangulie

Wajapani mwaka 2020 waliwapa wananchi wao kanuni ya kuepuka mambo matatu: mahali palipofungika hewa, mahali palipojaa watu, na mazungumzo ya karibu uso kwa uso. Itumie kupanga foleni ya vitu vya kufungua. Soko la wazi lina msongamano lakini lina hewa. Shamba, ujenzi na uvuvi vina hewa na nafasi. Baa ya chini ya ghorofa ina yote matatu, na juu yake pombe, ambayo huondoa barakoa na kupandisha sauti. Kisha kwa kila kimoja uliza swali la pili: kikiendelea kufungwa, nani anaumia na kiasi gani? Chenye hatari ndogo na maumivu makubwa kitangulie. Chenye hatari kubwa kikiumiza wachache kingoje, na hao wachache wasaidiwe.

Kwa kanuni hiyo shule hutangulia baa. Sioni njia ya kuifikia hoja tofauti. Hata hivyo Kenya baa zilitangulia darasa la nane kwa wiki mbili. Uganda ilifunga shule Machi 2020, ikawarejesha wa madarasa ya mitihani Oktoba, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua zote hadi 10 Januari 2022. UNESCO ilihesabu zaidi ya wiki 83 za kufungwa kikamilifu au kwa sehemu, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote. Kuna wasichana waliopata mimba, wavulana walioingia machimboni na walimu waliokwenda kuendesha bodaboda, na wengi wao hawakurudi kengele ilipolia.

Namna ya kufungua shule imeshajaribiwa. Tanzania, ambayo haikuwafungia watu majumbani lakini ilifunga shule, iliwarudisha wanafunzi wa vyuo na kidato cha sita tarehe 1 Juni 2020, na waliobaki tarehe 29 Juni. Karibu wiki nne kati ya kundi na kundi ni nafasi nzuri ya kutazama. Mwalimu mkuu atumie wiki hizo kung’oa mbao zilizopigiliwa madirishani, kupanga mapumziko kwa zamu, na kuhakikisha maji yapo. Madirisha yanayopitisha hewa yanazuia ugonjwa huu kuliko dawa ya kunyunyiza uwanjani.

Pombe ina madhara mengine ambayo kamati za afya husahau. Afrika Kusini iliruhusu tena uuzaji wa pombe tarehe 1 Juni 2020, na tarehe 12 Julai ikaupiga marufuku upya, kwa kuwa majeruhi wa ajali na ugomvi walikuwa wakichukua vitanda vilivyohitajika kwa wagonjwa wa korona. Kabla ya kufungua kitu chochote, uliza pia kitajaza vitanda gani.

Nyumba za ibada zinahitaji mazungumzo kuliko amri. Julai 2020 Kenya iliziruhusu kufunguka kwa watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya miaka 58. Saa moja ni kanuni nzuri. Ya umri iliwaweka nje hata baadhi ya waliotakiwa kuongoza ibada, na ingeepukika kama wangeulizwa kwanza. Kamati ya msikiti ikae na imamu na kukubaliana: udhu nyumbani, kila mtu na mswala wake, uani kutumike, na Ijumaa kuwe na jamaa mbili. Kanisani, kwaya ipunguzwe au iimbe nje. Mazishi ndiyo magumu kuliko yote, kwani hakuna anayekubali kuhesabiwa kwenye msiba wa nduguye. Afadhali kuwaomba wafiwa watandaze mkeka nje, watu waje kwa zamu siku nzima na kula kwao, kuliko kuweka askari getini.

Usafiri na saa

Kuna kosa linaloonekana kama uangalifu: kufungua kitu kwa saa chache. Watu ni walewale, mahitaji ni yaleyale, ila sasa wote watakuja pamoja. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu Kenya, mamia ya watu waliokuwa wakirudi makwao walibanana kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wakikimbizana na saa moja jioni. Polisi wakawapiga na kuwarushia mabomu ya machozi. Watu waliotakiwa kukaa mbalimbali wakaishia kukanyagana, kukohoa na kujipangusa macho kwa mikono. Ukifungua soko, ongeza saa zake. Soko linalofunguliwa saa kumi na moja alfajiri hadi jioni lina watu wachache kwa wakati mmoja kuliko la saa nne kwa siku. Kafyu ikiwa lazima, ianze baada ya muda wa saa mbili au tatu tangu watu watoke kazini, na feri na magari yaongezwe kabla, si baada.

Matatu za abiria 14 zilibeba wanane kwa zaidi ya mwaka, nauli ikapanda, na aliyeilipa ni mama mboga. Hatua hiyo inafaa mwanzoni. Ukianza kulegeza, tafuta kwanza kitu cha bure: madirisha wazi safari nzima, muziki uzimwe ili watu wasipaaze sauti, kila mtu na barakoa puani.

Fungua kwa maeneo

Si lazima nchi nzima iende kwa hatua moja. Tarehe 7 Juni 2020 Kenya iliondoa marufuku Kilifi na Kwale na kuwafungulia wakazi wa Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa, lakini ikaiacha Mombasa yenyewe imefungwa mwezi mmoja zaidi, pamoja na Nairobi na Mandera. Rwanda iliporuhusu safari za mkoa hadi mkoa mwanzoni mwa Juni, iliziacha nje wilaya za Rusizi na Rubavu zinazopakana na Kongo. Ni mbinu sahihi, mradi waliobaki ndani waambiwe ni kipimo gani kitakachowatoa, na mradi chakula kiingie. Mtaa uliozingirwa bila unga hauzingiriki. Njia za panya zitapatikana usiku huohuo.

Malori nayo hayangoji. Madereva walipokuwa wakipimwa mpakani na kungoja majibu palepale, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita, na madereva wakawa wanalala, kula na kuongea pamoja barabarani kwa siku kadhaa. Mpime dereva anakoanzia safari, cheti chake kitambulike na nchi jirani, na mpakani akaguliwe tu.

Tangaza mapema kitakachokufanya ufunge tena

Katika hotuba ya 6 Julai 2020 Rais Kenyatta aliwaonya Wakenya kwamba hali ikizorota nchi itarudi kufungwa. Hakutaja namba. Onyo bila namba huwaacha wananchi wakibahatisha, na siku masharti yanaporudi huonekana kama adhabu au siasa. Andika namba mapema, ubandike kwa chifu na sokoni. Kwa mfano: asilimia ya waliopatikana na virusi miongoni mwa wenye dalili ikizidi 10 kwa siku saba, au vitanda vya oksijeni vikijaa robo tatu, au wafuatiliaji wakishindwa kuwafikia nusu ya waliotajwa, tunarudi hatua moja nyuma. Hatua moja tu, ile ya mwisho tuliyoifungua. Ndiyo faida ya kufungua kimoja kimoja: unajua cha kufunga, na mwenye shule halipi deni la mwenye baa.

Kila ugonjwa una saa yake, kwa hiyo usizibebe namba za korona kwenda kwenye ugonjwa mwingine. Ebola iliyotangazwa Uganda tarehe 20 Septemba 2022 ilifuatiliwa kwa siku 21 kwa kila aliyetangamana na mgonjwa. Wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kuanzia 15 Oktoba, zikafunguliwa 17 Desemba, na mlipuko ukatangazwa umekwisha 11 Januari 2023 baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Wilaya zilifunguliwa kabla ya kuhesabu kukamilika, lakini ufuatiliaji haukusimama siku barabara zilipofunguliwa.

Kama umo kwenye kamati yoyote kati ya hizi, usingoje janga lijalo ndipo uulize mna wafuatiliaji wangapi. Uliza kwenye kikao kijacho, na namba utakayopewa iandikwe kwenye kumbukumbu.